Divisheni Wani Inapokutana na Anatomia

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa udaktari nchini Tanzania hakuokotwa njiani. Amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na pengine ana divisheni wani ya pointi 3, A tatu zisizo na doa. Kwao, iwe ni Namanyere au Newala, jina lake limetangazwa kanisani au msikitini, na mwalimu mkuu analitumia kuwasuta wote wanaomfuata. Muhula wa kwanza ukiisha na matokeo yakatoka, mtu huyohuyo anaweza kujikuta na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, analala macho akiwaza jambo ambalo tangu darasa la kwanza lilikuwa la watu wengine: kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Si wote yanayowapata haya. Wengi huvuka, na baadhi huvuka wakicheka. Lakini wanaoyumba ni wengi kiasi kwamba hakuna chuo cha afya nchini, kuanzia Muhimbili hadi Bugando, KCMC, Dodoma au Mbeya, ambacho hakina simulizi za mtoto aliyekuwa moto wa kuotea mbali shuleni akazimika chuoni. Mzazi husema uhuru umemlevya. Mhadhiri husema shule za siku hizi zinakaririsha. Mwanafunzi mwenyewe husema masomo ni mengi. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, ila hakuna anayegusa kiini. Ninavyoona mimi, mambo mawili hukutana. La kwanza, mbinu zilizompa divisheni wani ndizo zinazomwangusha. La pili, msaada wote ambao chuo kinao unangoja uombwe, na huyu ni mtu wa mwisho duniani kuomba, kwa kuwa tangu utoto yeye ndiye aliyekuwa akiombwa.

Tuanze na mbinu. Kidato cha sita ni mchezo wenye mipaka inayojulikana. Silabasi ni moja nchi nzima, mtihani ni wa Baraza la Mitihani, na pasti pepa zinauzwa hadi vibandani. Mwanafunzi mwerevu hugundua mapema kwamba maswali hurudi yakiwa yamebadili nguo tu. Anashika noti za mwalimu, anaongeza tuisheni ya likizo, anafanya mitihani ya miaka iliyopita mpaka mkono unajiandikia. Shule nyingi za bweni zinamsaidia zaidi: kengele ya kuamka, kengele ya prepo, mwalimu wa zamu anayezunguka madirishani. Hajawahi kujiuliza leo asome nini. Swali hilo lilijibiwa na ratiba iliyobandikwa ukutani kabla hajafika.

Halafu inakuja miezi mitupu. Mtihani wa mwisho ni Mei, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati wengi hupitia JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. JKT inafundisha mengi mazuri, lakini hakuna anayesoma kemia akiwa kwenye kwata. Anayefika chuoni ana mwili mkakamavu na mzunguko wa Krebs uliokwisha kufutika.

Sasa tazama anachokutana nacho. Anatomia, fiziolojia, biokemia, histolojia na embriolojia vinakuja pamoja, kila kimoja kikidai kuwa ndicho cha msingi. Hakuna anayeandika noti ubaoni ili zinakiliwe. Kuna slaidi zinazopita kasi, na kuna vitabu. Guyton peke yake, kitabu ambacho vizazi vya madaktari vimejifunzia fiziolojia tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1956, kina zaidi ya kurasa elfu moja. Mwanafunzi aliyezoea kumaliza kitabu, akakirudia, akakirudia tena, anaingia katika dunia ambamo kitabu hakimaliziki. Hakuna aliyemwambia kwamba hapa kuchagua nini kisisomwe leo ni sehemu ya usomi.

Wingi, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, na nadhani ndiyo nusu nyepesi. Chukua brakiali pleksasi, ambayo kila aliyepita mwaka wa kwanza anaikumbuka, ama kwa hofu ama kwa fahari. Ni mtandao wa neva unaotoka kwenye uti wa mgongo shingoni, unapita nyuma ya mtulinga, unaingia kwapani na kuupa mkono wote nguvu na hisia. Una mizizi 5, kuanzia C5 hadi T1. Mizizi inaungana kuwa vigogo 3. Kila kigogo kinagawanyika mbele na nyuma, yakawa mapande 6. Mapande yanakutana tena na kuwa kamba 3. Na kamba ndizo zinazozaa neva kuu 5 za mkono. Mkaririji hodari atauchora mchoro huu usiku mmoja na asikosee mstari. Kisha pepa linakuja hivi: dereva wa bodaboda ameanguka, mfupa wa mkono wa juu umevunjika katikati, na sasa hawezi kuinua kiganja, kinaning'inia. Neva gani imeumia? Ni wapi ngozi yake itakuwa na ganzi?

Jibu ni neva ya radiali, kwa kuwa inauzunguka mfupa huo kwa nyuma ikiwa imeulalia, na ganzi itakuwa mgongoni mwa kiganja, karibu na kidole gumba. Mwanafunzi wetu anayo maarifa yote yanayohitajika. Neva anaijua, mfupa anaujua, kamba ya nyuma anaijua. Kisichokuwepo ni njia ya kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye mchoro, kwa sababu yeye aliuhifadhi mchoro kuanzia juu kwenda chini na swali limeanzia chini kwenda juu. Anatoka chumba cha mtihani akisema swali lilikuwa nje ya topiki. Na wagonjwa wa namna hiyo hawako mbali naye hata kidogo; kwa mwanafunzi wa Muhimbili, wamelazwa MOI, taasisi ya mifupa iliyo ndani ya uzio uleule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wahadhiri wanaolalamikia kukariri. Huwezi kuwa daktari bila kukariri. Mifupa 206 haifahamiki kwa kutafakari. Kosa liko katika kukariri kwa mwelekeo mmoja, na kosa hilo haliponi kwa kuhubiriwa. Linapona kwa kuulizwa maswali ya mwelekeo wa pili mapema, tena mara nyingi, kabla ya mtihani wenye maumivu.

Kuhusu lugha, mjadala Tanzania huwa mkali na mara nyingi huishia kwenye siasa. Ukweli wa mwaka wa kwanza ni mwembamba zaidi. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili ameingia Kiingereza kidato cha kwanza, na kwa miaka sita amefundishwa kwa mseto: istilahi kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, noti za ubaoni kwa Kiingereza. Mseto ulimtosha, na matokeo yake ni ushahidi. Chuoni mseto unaondoka kwa mkupuo. Kinachomuumiza si kuongea, kwa kuwa mwaka wa kwanza mtu anaweza kukaa kimya muhula mzima bila kugundulika. Kinachomuumiza ni kasi ya kusoma. Mwenzake aliyetoka shule za Inglishi midiamu anapita kurasa kumi kwa muda ambao yeye anapita tatu, na wote wana saa zilezile za jioni. Baada ya wiki chache tofauti hiyo imekuwa sura nzima za kitabu. Naye, badala ya kusema nasoma taratibu, anajiambia sina akili.

Dawa aliyonayo karibu ni ileile anayoionea haya: kuelewa kwanza kwa Kiswahili. Kaa pembeni ya kundi la mwaka wa kwanza linalojadili jinsi neva inavyopitisha umeme wake na utasikia kitu kama hiki.

"Dokta, hapo umeniacha. Mlango wa sodiamu umefunguka, sodiamu imeingia, sawa. Nani kaufunga?"

"Hafungi mtu. Mlango una komeo la ndani. Ukishafunguka tu, komeo linajiangusha lenyewe."

"Kwa hiyo hata ukiupiga tena umeme hapohapo hauitiki?"

"Ndo maana hauitiki. Mpaka komeo lirudi."

(Ndiyo, wanaitana dokta tangu wiki ya kwanza. Waacheni.) Katika kauli hizo nne mna fiziolojia sahihi kabisa: mlango wa pili wa chaneli ya sodiamu, na kipindi kifupi ambacho neva haiwezi kuchochewa upya. Aliyeyaelewa hayo kwa Kiswahili atayaandika kwa Kiingereza kibovu na kupata maksi. Aliyeyahifadhi kwa Kiingereza fasaha bila kuyaelewa atakwama swali likigeuzwa. Mhadhiri anayewaambia wanafunzi wajadiliane kwa Kiingereza hata wakiwa peke yao anadhani anawasaidia lugha. Anawanyang'anya chombo. Kiingereza wanakihitaji, tena sana, lakini mahali pake ni hatua ya pili: mkishaelewana, mmoja aandike aya tano za jibu kwa Kiingereza, wengine wazikosoe.

Vyuo vingi vina somo la stadi za mawasiliano kwa ajili ya tatizo hili. Mara nyingi linafundishwa mbali na masomo mengine, likigusa barua rasmi, insha na sarufi, na wanafunzi hulichukulia kama kodi ya kulipa ili wapite. Laiti maandishi ya kusomwa humo yangekuwa kurasa za Guyton za wiki hiyohiyo, na zoezi lingekuwa kujibu swali la fiziolojia lililoagiza kulinganisha badala ya kuorodhesha. Somo lilelile, mwalimu yuleyule, saa zilezile. Faida ingekuwa nyingine kabisa.

Sasa kusoma kwenyewe. Ingia maktaba yoyote ya chuo jioni na utaona madesa yamepigwa rangi ya njano, ya waridi na ya kijani mpaka karatasi haina tena palipobaki peupe. Mwenye desa anasoma, anapiga mstari, anasoma tena. Anahisi anaelewa, na hisia hiyo ndiyo mtego. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwaka wa kwanza angepaswa kusimuliwa siku ya kwanza. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi; kundi moja likarudia kusoma, lingine likafunga karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima wenyewe walikuwa mbele kwa mbali. Kilichonivutia zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kuwa watakumbuka.

Kwa lugha ya bweni, anayefunga desa na kulichora upya kichwani anajihisi mjinga usiku kucha, na anayelisoma mara ya nne anajihisi yuko vizuri. Mtihani unakuja kuwapindua. Ushauri wa mbinu za kusoma unaotolewa kwenye semina ya siku moja hauwezi kushinda hisia hiyo, kwa sababu mwanafunzi atajaribu njia mpya mara mbili, ataona inamdhalilisha, atarudi kwenye kalamu ya njano. Mbinu mpya inashika pale tu mhadhiri mwenyewe anapoiweka darasani: maswali matano mwanzoni mwa kila kipindi kuhusu kipindi kilichopita, karatasi hazisahihishwi kwa maksi, kila mtu anajisahihishia. Dakika kumi. Huo ndio uwekezaji mdogo kuliko wote ninaoufahamu katika suala hili, na ndio unaopuuzwa kuliko wote.

Wanafunzi wa Tanzania wana desturi ya diskasheni, na ni hazina. Ila diskasheni nyingi zimeharibika kwa namna moja: zinafanyika usiku wa kuamkia tesiti, mmoja anafundisha, kumi wanaitikia kwa vichwa. Anayefundisha ndiye anayetoka amejifunza. Kuna historia ya kufaa hapa. Miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi, wengi wao waliotoka shuleni wakiwa vinara, walikuwa wakifeli hisabati ya mwaka wa kwanza. Alikwenda kuwatazama wanavyoishi, pamoja na wenzao wenye asili ya Kichina waliokuwa wakifaulu. Hakukuta uvivu, wala familia zisizojali. Alikuta kwamba Wachina walisoma kila mtu peke yake kwanza, kisha wakakutana jioni kulinganisha majibu na kubishana, hivyo kila mmoja alijua amesimama wapi. Wale wengine walisoma kwa bidii kubwa, peke yao, na hawakujua kwamba wanapotea mpaka matokeo yalipotoka.

Alichofanya baadaye ndicho kinachonifanya nimtaje. Hakuanzisha darasa la wadhaifu. Alianzisha vikundi vya maswali magumu kuliko ya darasani, akaviita vya heshima, na wanafunzi wakapigania kuingia. Ufaulu ulipanda. Linganisha na chuo kinachobandika tangazo kwamba wenye alama za chini wafike ofisi fulani saa nane mchana kwa msaada. Nani mwenye divisheni wani ataonekana kwenye mlango huo?

Kwetu kuna jambo moja Treisman hakuwa nalo. Darasa la mwaka wa kwanza huwa na watu wa aina mbili: waliotoka moja kwa moja kidato cha sita, na waliokuja na stashahada, wengi wao matabibu waliokwisha fanya kazi zahanati na vituo vya afya. Tabibu wa miaka thelathini na tano ameshazalisha akina mama, ameshona majeraha, ameona malaria ya watoto mpaka anaitambua tangu mlangoni. Biokemia inamtesa, milinganyo aliiacha zamani, na ana mke na watoto wanaosubiri matumizi. Kijana wa pembeni yake anazimudu hesabu za asidi na besi huku akiongea, ila hajawahi kumgusa mgonjwa. Kila mmoja ana kile ambacho mwenzake anakililia. Ila kwa kuwa makundi hujiundia yenyewe wiki ya kwanza, kwa shule walizotoka, kwa kabila, kwa dini au kwa chumba, hawa wawili hukaa miaka mitano wakisalimiana tu: "Shikamoo kaka," "Marahaba." Chuo kikiwapanga kwenye meza moja ya anatomia kwa makusudi, wawili kwa wanne, kimefanya kazi ambayo hakuna mshauri nasaha awezaye kuifanya.

Meza hiyo ya anatomia ina jambo lake lingine. Kwa wengi ni mara ya kwanza kumwona maiti aliye uchi, na kwa wote ni mara ya kwanza kumkata. Formalini inawasha macho, harufu inafuatana nao hadi kantini. Wengine wamelelewa wakijua kwamba maiti huoshwa, hufunikwa na kuzikwa upesi. Vipo vyuo duniani vinavyofanya ibada au kimya cha pamoja kabla ya kuanza, na kumalizia mwaka kwa shukrani kwa waliotoa miili. Dakika chache za mhadhiri kusema waziwazi kwamba kizunguzungu si udhaifu, na kwamba ruhusa ya kutoka nje ipo, zinatosha kumwondolea mtu fedheha ya muhula mzima.

Fedheha ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia. Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha mkusanyiko wa tafiti kuhusu wanafunzi wa udaktari kutoka nchi 43. Asilimia 27.2 walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Kati ya waliopatikana na dalili za sonona, waliokuwa wametafuta matibabu walikuwa asilimia 15.7 tu. Hawa ni watu wanaosomea kutibu wengine, wanaokaa hatua chache kutoka kliniki. Kama wao hawaombi msaada, basi mfumo wowote unaotegemea kuombwa unawafikia wachache, tena wale wenye ujasiri ambao pengine wangepona hata bila huo mfumo.

Kwa Mtanzania kuna mzigo wa ziada: aliyefeli hafeli peke yake. Amesomeshwa kwa michango ya ukoo, na kila simu kutoka nyumbani inaanza na "Dokta wetu hujambo?" Akipata sapu hasemi. Likizo hatarudi nyumbani, atadai ana mafunzo.

Pesa nitaipitia haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa kila mtu anaijua. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, imewasomesha maelfu ambao bila hiyo wasingefika. Lakini si kila mwombaji hupata, na anayepata huenda akangoja. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, wiki za mwanzo, zilezile ambazo kila mada inajenga msingi wa inayofuata, mwanafunzi anashinda na mlo mmoja, analala kwa kubebana kitanda kimoja na rafiki, au anapanda daladala kutoka Mbagala alfajiri. Mtu wa namna hiyo akisinzia darasani hahitaji semina ya kupanga muda. Mkopo mdogo wa dharura kutoka ofisi ya mshauri wa wanafunzi, wa kurudishwa bumu likiingia, ungemfaa kuliko ushauri wote niliokwisha utaja.

Vyuo navyo havijalala. Vina wiki ya mapokezi, vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, vina walezi wa kitaaluma walioteuliwa kwenye karatasi. Wiki ya mapokezi ina kasoro moja tu, nayo ni kubwa: inatoa majibu kabla maswali hayajazaliwa. Mwanafunzi anayetafuta godoro, kitambulisho na fomu ya bima hawezi kusikia habari za mbinu za kusoma. Wiki ya tano, baada ya tesiti ya kwanza kumnyoosha, masikio yake yako wazi kama hayatakavyokuwa tena. Lakini wiki ya tano hakuna anayezungumza naye.

Chuo Kikuu cha Cape Town, kilipobadili mtaala wake wa udaktari mwaka 2002, kilijaribu njia nzito zaidi: waliokwama muhula wa kwanza walihamishiwa programu maalumu ya mwaka mmoja iliyojenga upya misingi, kisha wakarudi kwenye mkondo wa kawaida. Ni jambo la kuheshimika, hasa katika nchi iliyorithi shule zilizogawanywa kwa rangi. Lakini programu inayoanza baada ya kufeli inamkuta mwanafunzi ameshabandikwa jina, tena inadai walimu, vyumba na mwaka mzima wa ada. Tanzania haina nafasi ya anasa hiyo, na sidhani inaihitaji.

Kinachohitajika ni msaada uliofumwa ndani ya ratiba kiasi kwamba hakuna wa kuuomba wala wa kuukwepa. Tesiti ya kwanza ya anatomia ije wiki ya nne, ibebe maksi chache mno, na majibu yarudi ndani ya wiki. Baada yake darasa zima, aliyepata tisini na aliyepata ishirini, waingie katika vikundi vya watu kumi vilivyomo kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, vikiongozwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kazi ya kiongozi si kufundisha tena mada. Ni kuuliza yale maswali ya dereva wa bodaboda, na kusikiliza.

Wa mwaka wa tatu wana kitu kingine cha kutoa. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha matokeo ya jaribio ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani walipewa kusoma simulizi za waliowatangulia: kwamba mwanzoni kila mtu alijiona si wa pale, na kwamba hali ile ilipita. Zoezi lilichukua kama saa moja. Kwa miaka mitatu iliyofuata, wanafunzi weusi walioshiriki walipanda kimasomo hadi pengo kati yao na wazungu likapungua nusu. Kundi la washiriki lilikuwa dogo, na Marekani si Tanzania, kwa hiyo nisingeahidi nusu hiyo hapa. Lakini daktari mtarajiwa anayesimama mbele ya wadogo zake na kusema "mimi nilikuwa na sapu ya biokemia, nikaifanya Septemba, na leo niko wodini" ana nguvu ambayo mkuu wa idara hana. Kwa kawaida waliopata sapu huzificha, na mwaka wa kwanza wanabaki wakiamini wao ndio wa kwanza kuanguka.

Wapo watakaosema mwaka wa kwanza ni chujio, na inapaswa kuwa hivyo. Daktari asiyeweza kubeba anatomia asikabidhiwe mwili wa mtu. Hoja hii haistahili kudharauliwa, kwa kuwa mgonjwa ana haki kuliko mwanafunzi. Swali langu ni chujio hilo linachuja nini. Kama linaondoa wasio na uwezo au wasio na moyo wa kazi, na liendelee. Lakini wiki za mwanzo huchuja kwa mambo mengine: nani alikuwa na kaka daktari wa kumwambia madesa yapi yanafaa, nani alisoma shule ya Kiingereza, nani ana chumba karibu na maktaba. Hakuna lolote kati ya hayo linalomfaa mgonjwa wa Namanyere. Tena mtoto wa Namanyere ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi huko, na serikali imeshamlipia hadi hapo alipofika. Mtihani wa mwisho ubaki mgumu vilevile. Hakuna anayeomba maksi za huruma.

Kikwazo halisi hakiko kwa wanafunzi wala kwenye falsafa. Mhadhiri hupandishwa cheo hasa kwa machapisho yake. Saa anayotumia kutunga maswali matano ya mwanzo wa kipindi, au kusahihisha tesiti ya wiki ya nne ndani ya siku saba kwa darasa la mamia, haihesabiki popote kwenye fomu yake ya tathmini, na kliniki nayo inamngoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeongoza kikundi naye anapoteza jioni zake bure. Idara ikitaka jambo hili lidumu zaidi ya mwaka mmoja wa shauku, iziingize saa hizo katika mzigo rasmi wa mhadhiri, na impe kiongozi wa kikundi posho ndogo pamoja na cheti kitakachoonekana siku anapoomba kazi. Gharama yake itakuwa ndogo kuliko gharama ya kumsomesha upya mwaka mzima mwanafunzi ambaye angeweza kuvuka.